Nikifika Mwanza, nitapata wapi kikombe cha kahawa ya kweli?

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Tanga. Mwezi ujao nakuja Mwanza kwa mafunzo ya siku nne, na nikiwa safarini starehe yangu ni moja tu: kutafuta mahali pa kahawa, nikae saa moja au mbili, nisome, niutazame mji. Mwaka juzi nilipopita huko niliingia sehemu mbili zilizopambwa vizuri, na kote kuwili nikaletewa maji ya moto na pakiti ya kahawa nichanganye mwenyewe. Je, kahawa Mwanza ipo? Nitajuaje mahali pazuri kabla sijalipa? Mwenzangu ananiambia kahawa ya Bukoba ni robusta na robusta ni kahawa ya daraja la chini, ni kweli? La mwisho, mwanamke nikiwa peke yangu naweza kukaa kijiweni nikanywa kahawa kama wengine?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa zile pakiti mbili. Kahawa ipo, tena nzuri, ila Mwanza haitakuletea mezani bila kuuliza, na utanielewa kwa nini ukikumbuka unaingia katika nchi ya nani. Usukuma ni pamba, mpunga, ng'ombe na samaki. Asubuhi mtu wa hapa anataka supu ya sato na chapati, au chai ya maziwa iliyokolea. Kahawa haikuzaliwa hapa, inapita tu. Hata jina limebadilika njiani. Nyinyi wa pwani mnasema mkahawa, na kahawa yenyewe bado inasikika ndani yake. Huku bara tunasema mgahawa, na ukimuuliza bodaboda akupeleke mgahawa mzuri, atakushusha penye wali, maharage na samaki wa kukaanga, tena kwa nia njema kabisa. Muulize hivi: "Wapi wanauza kahawa ya mashine?" Hapo mtaelewana.

Sasa tazama ramani. Ng'ambo ya ziwa, magharibi, ni Kagera, ambako robusta imekuwa sehemu ya maisha ya watu tangu kabla Wajerumani hawajafika. Mashariki, ukipita Musoma, kuna milima ya Tarime, ambako wanalima arabika. Sijui mji mwingine mkubwa nchini uliokaa katikati ya kahawa mbili tofauti namna hii halafu ukanywa chai. Lakini maana yake kwako ni kwamba buni haiko mbali. Swali la kuingia nalo kila mlango ni moja: kahawa yenu imetoka wapi, na imekaangwa lini? Mengine yote nitakayokuambia yanatokana na hilo.

Nianze na pakiti, maana naona bado inakuuma. Mwenye mgahawa akinunua mashine ya espreso, ile kahawa kidogo nzito inayokamuliwa kwa msukumo wa maji ya moto, amenunua pia kinu cha umeme cha kusagia, fundi wa kuitengeneza, vipuri ambavyo mara nyingi vinaagizwa kutoka mbali, na kijana aliyefundishwa kuitumia, ambaye akishaiva anachukuliwa na hoteli kubwa. Halafu wateja wa kahawa wanakuja watano kwa siku, na kahawa iliyofunguliwa inachacha. Pakiti haichachi. Umeme ukikatika, maji yanachemshwa kwa gesi na pakiti inaendelea na kazi. Kwa hesabu ya biashara simlaumu. Ninachomlaumu ni kuandika "kapuchino", yaani espreso yenye maziwa ya povu, kwenye menyu huku akijua hana mashine.

Na kuna kichekesho kidogo. Kiwanda cha Tanica, kinachotengeneza kahawa ya kuyeyusha, kiko Bukoba, na malighafi yake ni kahawa ya Kagera. Kwa hiyo huenda ulikunywa kahawa ya ziwani siku ile bila kujijua, ila imepitia kiwandani ikarudi katika sura ya unga.

Hapo tunaingia kwa mwenzako na robusta yake. Amesikia jambo la kweli, akalimaliza vibaya.

Robusta na arabika ni miti miwili tofauti, si daraja la juu na la chini la mti mmoja. Arabika ndiyo ya Kilimanjaro, Mbinga, Mbozi na Tarime: ina uchachu mwepesi wa matunda, harufu inayopanda, na uchungu wa wastani. Robusta ina mwili mzito, yaani unaihisi nzito mdomoni, uchungu zaidi, na kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kafeini ni chungu na wadudu hawaipendi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mti wa robusta kustawi katika nyanda za chini ambako arabika ingeliwa na wadudu na magonjwa. Sokoni robusta huuzwa bei ndogo kuliko arabika, na wengi wameisoma bei kama cheti cha ubora.

Angalia mambo mawili. La kwanza, robusta nyingi duniani hulimwa nyanda za chini zenye joto. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hakuna shamba la Kagera lililo chini ya hapo. Mwinuko ukiongezeka kunapoa, tunda linaiva polepole, na linapata muda wa kujijenga sukari. Ndiyo maana robusta ya Bukoba iliyovunwa na kuanikwa vizuri ina utamu wa chini kwa chini, kama karanga zilizokaangwa pamoja na sukari guru, na haikwaruzi koo. Waitalia wanaosifiwa kwa espreso wamekuwa wakichanganya robusta katika kahawa zao miaka nenda miaka rudi, kwa sababu ndiyo inayotoa lile povu zito la rangi ya dhahabu juu ya kikombe.

La pili ni la huzuni kidogo. Sifa mbaya ya robusta haitokani na mti peke yake, inatokana na mkono. Kule Kagera kuna jambo linaitwa butura. Mkulima amebanwa na ada ya shule au ugonjwa, anauza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, na mavuno yakifika ni ya mwingine. Limepigwa vita na viongozi mara nyingi, lakini shida haisikii tamko. Sasa jiulize: mtu aliyekwisha kuuza kahawa yake ikiwa maua, ana sababu gani ya kupita shambani mara tatu achume zilizoiva tu? Anakamua tawi zima, mbivu na mbichi pamoja. Zikianikwa juu ya udongo mtupu, mvua ikazikuta, zinanyonya harufu ya udongo na ukungu. Hiyo ndiyo robusta aliyoinywa mwenzako, au aliyoisimuliwa. Mimi katika kazi ya kuonja nimekutana na robusta ya Muleba na Karagwe iliyochumwa nyekundu tupu na kuanikwa juu ya chanja, na sikuona sababu ya kuiombea radhi mbele ya arabika yoyote.

Niseme pia kwamba Wahaya walikuwa wakiila kahawa kabla ya kuinywa. Bibi yangu upande wa mama alikuwa na kikapu kidogo chenye mfuniko, na mgeni hakuketi dakika tano kabla hakijafunguliwa mbele yake. Ndani kulikuwa na akamwani: matunda ya kahawa yaliyochumwa kabla hayajaiva, yakachemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha yakakaushwa. Unatafuna taratibu mkiulizana habari za nyumbani. Hata katika undugu wa kuchanjana zamani, buni mbili zinazokaa ndani ya tunda moja zilikuwa na kazi yake. Ukivuka daraja la Kigongo–Busisi siku yoyote kuelekea Bukoba, ulizia. Zipo sokoni na stendi hadi leo, zimefungwa kwenye majani makavu ya mgomba au vifuko vidogo. Tafuna mbili tatu tu. Mgeni mmoja niliyempa alizila kama karanga, na usiku ule alikesha akihesabu miale ya taa za wavuvi.

Sasa twende ndani ya mgahawa. Kwa nini sikutajii majina? Kwa sababu nimewahi kumtajia mtu jina, akaenda baada ya miezi minne akakuta kijana aliyekuwa anajua kazi ameondoka, na kahawa imekuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Kahawa nzuri Mwanza inakaa mikononi mwa mtu, haikai kwenye bango. Nitakutajia maeneo: katikati ya mji kuzunguka barabara ya Kenyatta na zile zinazokatiza, hoteli na migahawa ya Capri Point, maduka makubwa kama Rock City Mall, na upande wa Malaika kwa wenye usafiri. Kote huko utakuta mashine. Kazi yako ni kujua kama inafanya kazi au ni pambo.

Ukiingia, usiangalie makochi. Tumia pua kwanza. Mahali panaposagwa kahawa pananukia kahawa, na pakinukia chipsi tu, kahawa iko kwenye kopo muda mrefu. Halafu masikio: mtu aliyekutangulia akiagiza, unapaswa kusikia kinu kikisaga. Kahawa iliyosagwa asubuhi ikanywewa saa tisa alasiri imekwisha kupoteza harufu yake nyingi, kwa sababu punje ikishavunjwa hewa inaingia kila upande. Ukiona mhudumu anachota unga kwenye kopo la plastiki lisilo na mfuniko, agiza soda.

Kisha uliza. Uliza kwa upole, kama mtu anayependa, si kama mkaguzi wa afya. Watu wa Mwanza si wagumu, ila hawapendi kudharauliwa. "Kaka, habari za kazi? Kahawa yenu ni ya wapi?" Akikuambia "ni ya Kilimanjaro," sawa. Akisema "ni ya Bukoba, tunakaanga wenyewe kila Jumatatu," vuta kiti. Akisema "ni kahawa tu, dada," cheka naye, halafu agiza chai ya tangawizi, ambayo hapa hawaikosei. Kama wana mfuko wa kahawa rafuni, omba kuuona na utafute tarehe ya kukaangwa, si ile ya kuisha muda. Kahawa iliyokaangwa inahitaji siku chache ipumue, maana hutoa gesi nyingi mwanzoni, kisha mwezi mmoja hivi inakuwa kwenye ubora wake. Tarehe ya mwaka kesho haikuambii chochote.

Kikombe cha kwanza kiwe kidogo na cheusi. Najua kapuchino inapendeza kwa picha, lakini maziwa na sukari huficha makosa, na wewe unataka kujua uko wapi. Espreso ya kawaida hutumia kama gramu 18 za unga na kutoa karibu gramu 36 za kinywaji, kwa msukumo wa baa 9 (baa ni kipimo cha msukumo), ndani ya sekunde 25 hadi 30. Huhitaji mizani. Mtazame mhudumu na uhesabu moyoni. Ikitiririka kama bomba kwa sekunde kumi, itakuwa nyepesi na chachu kama ndimu. Ikidondoka tone tone kwa dakika nzima, itakuwa chungu ya kuungua. Ikishuka kama mkia wa panya, mwembamba usiokatika, huyo anajua kazi, na hapo ndipo uagize ya maziwa upendavyo.

Na ya maziwa nayo ina siri yake. Maziwa yakipashwa mpaka nyuzi 60 au 65 yanakuwa na utamu wake wa asili. Yakipita 70 yanaanza kunuka kama yaliyounguzwa. Wateja wetu wengi wanataka kitu cha moto sana, wamezoea chai inayofuka, na wahudumu wamejifunza kuchemsha maziwa mpaka yapige kelele ili wasirudishiwe kikombe. Mwambie tu, "Usiyachemshe sana." Kama wana maziwa ya ng'ombe yaliyoletwa asubuhi badala ya ya boksi, umepata bahati ambayo Usukuma inaweza kuitoa kila siku na haiitoi mara nyingi.

Umeme ukikatika? Hapo ndipo utamjua mwenye kahawa na mwenye mashine. Mwenye mashine atakuambia subiri. Mwenye kahawa atatoa chujio la karatasi, au birika la kioo lenye kishindilio, akuchemshie maji kwa gesi. Na hapa mtu wa Mwanza ana msaada asiojua anao: kwa mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama kwenu baharini, na 96 ni joto ambalo kahawa inalipenda. Anamimina moja kwa moja, hana haja ya kusubiri.

Kuhusu hoteli utakayofikia, neno moja. Kahawa ya bafe ya asubuhi huwa kwenye chupa ya chai kubwa, imetengenezwa saa kumi na mbili, na ukishuka saa tatu inakuwa imekaa humo saa tatu nzima ikizidi kuwa chungu. Shuka mapema, au usiinywe.

Kukaa saa mbili na kitabu hakuna atakayekusumbua. Agiza kingine baada ya saa moja na zaidi, na saa za chakula cha mchana, kati ya saa saba na saa nane, waachie wenye njaa meza kubwa. Kama unapenda kutazama, chagua mahali panapotazama magharibi, upande wa ghuba. Jua la Mwanza linachelewa kuzama kuliko la Tanga kwa karibu nusu saa, kwa sababu tuko magharibi zaidi na saa ni moja nchi nzima. Ukimaliza mafunzo saa kumi na moja bado una mwanga wa kutosha kusoma kurasa ishirini, kisha uone mawe yakigeuka rangi.

Sasa kijiwe, na hapa nitasema kwa uwazi. Wewe ni mtu wa Tanga, sina cha kukufundisha kuhusu birika, kikombe kidogo na kashata. Vya kwetu ni hivyo hivyo: birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vinavyogonganishwa kutangaza biashara, tangawizi kwa anayetaka. Tofauti utakayoionja ni kwamba hapa buni mara nyingi ni robusta tupu, imekaangwa nyeusi tititi kwenye karai na kutwangwa kwenye kinu, kwa hiyo inapiga kichwani upesi. Bei ya kikombe ni sarafu tu. Bei ya kapuchino moja ya Capri Point inakunywesha kijiwe kizima na chenji inabaki.

Kwa desturi kijiwe ni cha wanaume, hilo halifichiki: drafti, Simba na Yanga, siasa. Hakuna sheria inayokuzuia, na sidhani kama kuna atakayekukosea adabu, lakini ukikaa peke yako mazungumzo yatakatika, watakupisha benchi zima, na utakunywa kahawa yako katikati ya ukimya. Hiyo si starehe. Dada zangu wa Mwanza wanafanya hivi: wanamwita muuzaji anayetembea. Nenda soko la Mlango Mmoja au la Kirumba jioni, mkae na mama muuza mboga au vitenge, umwachie salamu ndefu za kipwani, na muuza kahawa akipita mwite kwa ishara. Akina mama wa sokoni wanakunywa kahawa hiyo kila siku, hakuna anayewatazama. Au nenda kijiweni na mwenzako wa mafunzo wa kiume, salimuni wote kabla ya kukaa, na usiingie kwenye hoja ya mpira kikombe cha kwanza hakijaisha. Kitu kimoja tu ukazanie popote: vikombe husuuzwa kwenye ndoo ileile tangu alasiri. Mwambie akisuuze chako kwa kahawa ya moto kutoka birikani, amwage, ndipo akujazie. Hawakasiriki, wengi wanafanya bila kuambiwa.

Ukiniuliza ningekugawia vipi siku nne, ningesema ya kwanza uwe sokoni kwa kikombe cha kijiweni, ili ulimi ujue robusta ya hapa inavyosema ikiwa haijapambwa. Ya pili na ya tatu uzungukie mashine za mjini kwa maswali niliyokupa. Ya nne urudi pale palipokushinda nguvu, maana kurudi mara ya pili ndiko kunakokufungulia mazungumzo. Mtu akikukumbuka atakutolea kahawa asiyoiweka kwenye menyu. Meli ya usiku ya kwenda Bukoba inavutia, lakini siku nne za mafunzo hazitoshi, iache kwa likizo.

Bila shaka utataka kubeba kahawa. Nunua punje zilizokaangwa, si unga, kiasi cha kunywa ndani ya mwezi mmoja, kwenye mfuko unaofungika vizuri. Kama huna kinu cha kusagia nyumbani, kile cha kutwangia viungo kinatosha. Twanga kidogo kidogo kabla ya kuchemsha. Na kwenu maji yakichemka, yaache kama dakika moja yatulie ndipo umimine, la sivyo utaiunguza halafu uniandikie barua kwamba nilikudanganya.

Na dagaa. Najua utanunua dagaa wa Mwanza kwa ajili ya nyumbani, nani aende Mwanza arudi bila dagaa? Nilipoanza kazi hii nilikodi chumba cha stoo karibu na mwalo wa Kirumba, wanaposhushia samaki, kwa sababu kodi ilikuwa ndogo. Niliweka humo magunia mawili ya buni safi kutoka Kagera, na jirani yangu upande wa pili wa ukuta wa mabati alikuwa anahifadhi dagaa. Baada ya wiki tatu nilikaanga kilo tano nikamwalika rafiki kuonja. Alinywa funda moja, akaweka kikombe chini, akaniuliza ugali uko wapi. Magunia yote mawili niliyauza kwa hasara. Buni inanyonya harufu kama sifongo, na iliyokaangwa nayo haina kinga. Kwa hiyo dagaa waende chini kwenye buti la basi, kahawa ikae na wewe juu kwenye mkoba.